Mgeni siku ya tatu mpe jembe: Historia ya swali la "nani atakulipia?" kwenye dirisha la viza ya Marekani

Leo tunaweka pembeni habari za nani kaachana na nani, tunaingia kwenye historia. Msikimbie basi. Ni historia inayomgusa kila mtu mwenye pasipoti kabatini na ndoto ya kukwea pipa.

Ile hali mnaijua. Mtu ana intavyuu ya viza ya Marekani wiki ijayo. Ghafla anaanza kuwapigia simu watu ambao hajawasalimia miaka mitatu: "Kaka, niazime milioni tano, nakurudishia Ijumaa, nataka zionekane tu kwenye akaunti." Zinaingia, stetimenti inachapishwa, inagongwa muhuri wa benki, inawekwa kwenye bahasha ya kaki pamoja na hati ya kiwanja na barua ya mjomba aliyeko Texas. Siku ya siku anafika dirishani, anaulizwa maswali manne, dakika tatu hazijaisha anarudishiwa pasipoti na kikaratasi. Bahasha haijafunguliwa kabisa! Mtaani tunasema hana nyota. Wengine wanasema Wazungu wana roho mbaya.

Mimi nimesoma soma hii kitu mpaka usiku wa manane, na nilichokiona ni hiki: pale dirishani kuna maswali mawili tofauti, sio moja. Yamezaliwa miaka tofauti na kwa sababu tofauti. Swali la kwanza linasema, "Ukianguka kule kwetu, nani atakubeba?" La pili linasema, "Utarudi kwenu?" Watu wengi wanabeba majibu ya swali la kwanza wanakwenda nayo kwenye mtihani wa swali la pili, wanafeli, halafu wanalaumu nyota. Sasa twende taratibu.

1882: Swali la kwanza linazaliwa

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Marekani wao jambo hilo waliligeuza kuwa sheria, tarehe 3 Agosti 1882.

Kabla ya hapo kazi ya kupokea wageni ilikuwa ya majimbo. Majimbo ya pwani kama New York na Massachusetts yalishalalamika miaka mingi kwamba meli zinawashushia maskini wa Ulaya, hasa Wairishi waliokimbia njaa kubwa ya viazi ya miaka ya 1840. Nani awalishe? Nani awazike? Basi serikali kuu ikaingilia kati. Sheria ya 1882 ikasema kila mgeni anayeshuka alipiwe kodi ya senti 50, na hela hizo ziwasaidie wageni watakaokwama. Halafu ikataja wasioruhusiwa kushuka: wahalifu, wagonjwa wa akili, na mtu yeyote asiyeweza kujitunza bila kuwa mzigo kwa umma. Miezi michache kabla, mwaka huo huo, walikuwa wameshawafungia mlango vibarua wa Kichina. Kwa hiyo 1882 ndio mwaka ambao mlango wa Marekani ulianza kuwekewa makomeo.

"Mzigo kwa umma." Shikeni hayo maneno, maana yapo kwenye sheria yao hadi leo. Na angalieni ujanja wake: sheria haikusema mzigo ni nini, wala haikutaja mtu awe na dola ngapi. Afisa aliachiwa akupime mwenyewe, akuangalie juu mpaka chini, aamue.

Kisiwa cha machozi na dola 25

Tarehe 1 Januari 1892 kikafunguliwa kituo cha Ellis Island, kisiwa kidogo kwenye bandari ya New York. Mpaka kinafungwa 1954, wageni zaidi ya milioni 12 walishapita pale. Ila sio wote waliofika New York walipitishwa kisiwani. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa haraka haraka humo humo melini, wakashuka zao. Waliopelekwa kisiwani kupangwa foleni ni wale wa daraja la chini, waliosafiri kule tumboni mwa meli. Yaani mwenye koti zuri hakusumbuliwa sana. Inakukumbusha kitu?

Swali la pesa lilianza kuandikwa rasmi kwenye makaratasi. Sheria ya 1893 iliwataka wenye meli wajaze orodha ya abiria, na mojawapo ya maswali lilikuwa: una zaidi ya dola 30? Kama huna, una ngapi? Baadaye kwenye fomu ikapanda ikawa 50. Halafu 1909 kamishna wa kituo, mwanasheria mmoja anaitwa William Williams, akatangaza kwamba mgeni awe na angalau dola 25 mkononi, mbali na tiketi ya kumfikisha anakokwenda. Hiyo 25 Bunge halikuipitisha. Ilikuwa ni kipimo chake yeye, na watu walirudishwa Ulaya kwa ajili yake.

Kulikuwa na mtego mwingine wa ajabu. Mwaka 1885 walipitisha sheria ya kukataza makampuni kuleta vibarua wa mkataba kutoka nje. Sasa fikiria wewe ndiye mkulima kutoka Italia umesimama pale. Afisa anakuuliza, "Kuna kazi inakusubiri?" Ukisema ndiyo, umevunja sheria ya mkataba, unarudishwa. Ukisema sina kazi na mfukoni huna kitu, wewe ni mzigo, unarudishwa. Jibu la kukuvusha lilikuwa katikati: sina kazi niliyoahidiwa, ila nina nguvu, nina ndugu, na nina hela kidogo za kuanzia. Watu walifundishana majibu kwenye meli kama sisi tunavyofundishana kwenye magrupu ya WhatsApp.

Wanawake ndio walipata tabu zaidi. Mwanamke aliyefika peke yake aliweza kuzuiwa kisiwani mpaka ije simu ya maandishi, barua, au tiketi kutoka kwa mume au ndugu, au mwenyewe aje kumchukua. Hata awe na mikono ya kazi na akili timamu, kwa macho ya afisa alihesabiwa kama mzigo unaosubiri mwenyewe.

Kesi moja ilifika hadi Mahakama ya Juu mwaka 1915. Vibarua wa Kirusi walifika New York wakielekea mji wa Portland, Oregon. Mmoja alikuwa na dola 40, mwingine 25. Maafisa wakasema hawa watakuwa mzigo, kwa sababu huko Portland kazi zimejaa watu. Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika uamuzi kwamba hapana, sheria inamtaka afisa amwangalie mtu mwenyewe alivyo. Hali ya ajira ya mji mmoja haiwezi kuwa sababu ya kumfungia nchi nzima. Wakashinda. Hapo ndipo unaona kwamba kipimo, angalau kwenye maandishi, kilikuwa ni mtu. Pesa ilikuwa ushahidi mmoja tu kati ya mengi.

Dirisha linahama baharini linaletwa kwenu

Mwaka 1924 kukaja mabadiliko makubwa ambayo watu hawayasemi sana. Sheria mpya iliweka idadi maalumu ya wahamiaji kwa kila nchi, na ikasema mhamiaji lazima apate viza kwa konsula wa Marekani huko huko kwao kabla hajapanda meli. Ndio maana leo foleni yako ipo Msasani Dar es Salaam, au Gigiri kule Nairobi, na haipo tena bandarini New York.

Kwa upande mmoja ilisaidia, maana mtu hauzi ng'ombe wote halafu anarudishwa kutoka ng'ambo ya bahari. Kwa upande wa pili, mamlaka yakawa mikononi mwa mtu mmoja nyuma ya kioo, na mahakama za Marekani kwa kawaida haziingilii uamuzi wa konsula. Wale Warusi wa 1915 walikuwa wameshafika, wakapata wakili, wakashtaki. Wewe uliyekataliwa ukiwa kwenu, kesi unampelekea nani?

Halafu uchumi wa dunia ukaanguka. Mwezi Septemba 1930 Rais Herbert Hoover akaagiza makonsula wakaze lile neno la "mzigo kwa umma". Kabla ya hapo, mtu mzima mwenye afya na ufundi aliweza kupita. Baada ya hapo ikabidi uwe na mali ya kutosha, au uwe na mtu Marekani aliyekula kiapo kwa maandishi kwamba atakutunza. Hapa ndipo ile karatasi ya sponsa ilipopata nguvu kubwa.

Karatasi iliyokuwa uhai

Miaka mitatu baadaye, 1933, Hitler akashika madaraka Ujerumani. Wayahudi wakaanza kutafuta pa kukimbilia. Walipofika kwa konsula wa Marekani, swali lilikuwa lile lile: nani atakulipia? Na ugumu wake ni kwamba Wanazi walikuwa wanawanyang'anya mali zao kwanza ndipo wawaache waondoke. Mtu anafika dirishani mikono mitupu kwa sababu ameporwa, halafu anaambiwa hana kitu, atakuwa mzigo. Familia zilikuwa zinachakura majina ya ndugu wa mbali New York na Chicago, wanamwandikia mtu wasiyewahi kumwona, wanamwomba aonyeshe mshahara wake na akaunti yake kwa ajili yao.

Mmoja wa hao alikuwa mfanyabiashara Otto Frank, baba wa yule binti Anne Frank ambaye shajara yake imesomwa dunia nzima. Familia ilikuwa Amsterdam. Maombi yao ya viza yaliungua Rotterdam mwaka 1940 Wajerumani walipoupiga mji mabomu. Aprili 1941 Otto alimwandikia rafiki yake wa ujanani, Nathan Straus, Mmarekani kutoka familia ya matajiri, kumwomba msaada wa dhamana ya dola 5,000. Na sponsa alipatikana! Straus alikuwa tayari, na mashemeji wa Otto waliokuwa Marekani walikuwa tayari pia. Ila sheria zilikuwa zinabadilika kila mwezi. Marekani ikaanza kuwashuku watu wenye ndugu kwenye nchi zilizoshikwa na Ujerumani, na kufikia Julai 1941 ofisi za makonsula wake huko zikafungwa. Mwaka 1942 familia ikaingia mafichoni. Walipokamatwa 1944 wakapelekwa kambini. Anne alifia Bergen-Belsen mwaka 1945. Wa familia ile alibaki baba peke yake.

Nimeileta hii habari kwa sababu huwa tunaongelea stetimenti na sponsa kama utani wa mjini. Kuna watu karatasi hiyo ilikuwa kati yao na kaburi. Na hata walioipata, dirisha lilifungwa kabla hawajaifikisha.

1996: Ahadi inageuka mkataba

Kwa miaka mingi karatasi ya sponsa ilikuwa na udhaifu. Serikali za majimbo zilipojaribu kuwadai masponsa gharama za wageni wao, baadhi ya mahakama kwenye miaka ya 1950 zilisema ile ni ahadi ya kiungwana tu, haina nguvu ya kumdai mtu. Sponsa alikuwa anasaini, mgeni akifika kila mtu anashika njia yake.

Mchezo ukaisha Septemba 1996, Rais Bill Clinton aliposaini sheria mpya ya uhamiaji. Ikaja fomu inayoitwa I-864, inayotumika kwa wahamiaji wengi wanaoitwa na familia, wakiwemo waume na wake. Anayekuita anatakiwa aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Kwa mwaka 2025, kwa nyumba ya watu 2, hiyo ilikuwa kama dola 26,437 kwa mwaka. Asipofikisha, anatafuta mdhamini mwenza.

Sasa sikilizeni hapa, hasa nyie mnaowapigia ndugu wa ughaibuni na kuwaambia "we saini tu." Ile fomu ni mkataba wa kisheria na serikali ya Marekani. Unaendelea mpaka mgeni awe raia, au afikishe robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, au aondoke moja kwa moja, au mmoja wao afariki. Talaka haimo kwenye orodha hiyo! Ndoa ikivunjika, mkataba haujavunjika. Kuna watu wameachana, wameblokiana kila mahali, na bado mmoja ana wajibu wa kisheria kwamba mwenzake asishuke chini ya kile kiwango. Kwa hiyo binamu yako akisita kusaini, usiseme kabadilika kwa sababu kapata hela. Huenda yeye ameisoma fomu.

Swali la pili: utarudi?

Turudi nyuma kidogo, maana swali la pili lina historia yake. Yote niliyosema mpaka hapa yanahusu anayehamia. Anayekwenda kutembea, kusoma au kufanya shoo, mlango wake ni mwingine.

Mwaka 1952 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya uhamiaji, Rais Harry Truman akaikataa, Bunge likaipitisha juu ya kichwa chake. Ndani yake kuna kifungu cha 214(b), ambacho ndicho kipo kwenye kile kikaratasi watu wanachorudi nacho. Kinasema, kwa lugha ya kijiweni: kila anayeomba viza ya muda tunamhesabu kuwa anataka kuhamia, mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Yaani unaanza mchezo ukiwa umeshafungwa goli moja, na kazi ya kusawazisha ni yako.

Sasa ifikirie ile bahasha ya kaki. Barua ya mjomba wa Texas inasema "nitamlisha na kumlaza." Hilo ni jibu la swali la 1882. Afisa yeye anauliza swali la 1952. Kwake yeye mjomba mwenye nyumba Texas anaweza hata kuwa sababu ya wewe kutorudi. Serikali ya Marekani yenyewe inaeleza kwamba kwa viza ya matembezi barua ya mwaliko au ya sponsa sio sharti, na mwombaji anapimwa kwa maisha yake na mahusiano yake ya kwao, sio kwa ahadi za jamaa waliopo kule. Pesa inatazamwa, ndiyo, maana lazima safari ilipike. Ila milioni tano zilizoingia Jumanne kwenye akaunti iliyokuwa na elfu arobaini mwaka mzima hazionyeshi maisha yoyote. Zinaonyesha Jumanne tu.

Kuna msanii mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, Instagram ni magari na minoti, alipigwa chini. Wiki hiyo hiyo mama mmoja mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili alipata, anakwenda kumwona mjukuu. Watu walishangaa sana. Mama ana pensheni, nyumba, wajukuu wengine hapa, na safari mbili za nje alizorudi salama. Msanii hana mkataba hata mmoja wa maandishi, na kipato chake chote kinapita mkononi. Nani kati yao ana pesa nyingi? Labda msanii. Nani ana sababu za kurudi zinazoonekana kwa mtu asiyemjua kabisa?

Kwa wanafunzi maswali yote mawili yanakutana. Chuo hakikupi fomu ya I-20 mpaka uonyeshe hela za mwaka wa kwanza zitatoka wapi, halafu dirishani unaulizwa tena na la kurudi. Hapo sponsa ana kazi, na afisa ana haki ya kujua kwa nini huyo mtu akulipie. "Ni rafiki wa baba" ni jibu jepesi sana kwa ada ya mamilioni.

Leo hii

Hayo maswali hayajafa, yanabadilishwa nguo tu. Mwaka 2020 utawala wa Trump ulianza kutumia kanuni ya kupanua maana ya "mzigo", ikahesabu hata msaada wa chakula na nyumba. 2021 ikafutwa, na 2022 ikaandikwa nyingine laini zaidi. Mwaka 2025 ikaja dhamana ya viza kwa waombaji wa matembezi na biashara kutoka nchi kadhaa: afisa akikukubali anaweza kukutaka uweke dola 5,000, 10,000 au 15,000, unarudishiwa ukiondoka kwa wakati. Zilianza Malawi na Zambia mwezi Agosti, na Oktoba Tanzania ikaingizwa kwenye orodha. Kwa maana nyingine, swali la "utarudi?" sasa limebandikwa bei, na ni bei ambayo mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili hawezi kuigusa. Tumezunguka miaka 100 na ushee, tumerudi kwa yule kamishna na dola 25 zake.

Naelewa mtu anapokopa milioni tano za kuonyesha. Ukiwekewa kipimo usichokifikia kwa haki, unatafuta njia. Hata wale wa tumboni mwa meli walifundishana majibu. Ila kuna mstari: ukipeleka stetimenti ya kughushi, au ukidanganya jambo la msingi, sheria yao inaweza kukufungia maisha. Kukataliwa kwa 214(b) hakukufungii. Unaweza kuomba tena ukilipa ada upya, ambayo tangu 2023 ni dola 185 na hairudi. Sasa piga hesabu ipi hasara.

Haya, uwanja wenu. Ulikwenda na bahasha gani, na ilifunguliwa? Andika hapo chini, majina kapuni kama kawaida. Na kama kuna ndugu amekutumia I-864 usaini, rudi juu usome tena ile sehemu ya 1996 kabla hujashika kalamu.